MKONO HUJIFUNZA KABLA YA KALAMU

Michezo ya nyumbani iwezayo kuvitia nguvu na ustadi vidole vya watoto wadogo

Wahenga walisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Watu hulitumia neno hilo kuwakumbusha wenzao faida ya kushirikiana, lakini hata likichukuliwa kama lilivyo, ni kweli tupu. Ili kumwua mdudu mdogo kama yule, kidole gumba hakina budi kukutana na kidole kingine, tena vikutane barabara. Kukutana huko kwa vidole ndiko kumwezeshako mwanadamu kushika sindano, kufunga kifungo, kupanda mbegu, kufuma kikapu na kuandika barua. Mtoto hazaliwi na ustadi huo. Huupata kidogo kidogo, na njia yake kubwa ya kuupata ni mchezo.

Mwaka wa masomo uanzapo, watoto wengi hushikishwa penseli kwa mara ya kwanza. Wengine huikamata kwa ngumi, kama mtu ashikavyo mchi. Wakikaza mkono, karatasi hupasuka. Wakilegeza, mstari hauonekani. Baada ya muda mfupi mkono huchoka, na mtoto huanza kutazama dirishani. Ndipo aitwapo mvivu au mjinga, na wenzake humcheka. Katika Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka wa 2001, lakini mtoto aweza kuumizwa kwa maneno pia, na mtoto aliyeaibishwa kwa sababu ya mwandiko wake aweza kuichukia shule kabla hajaijua.

Aghalabu kosa si lake. Mkono wake haujawa tayari kwa kazi hiyo. Wala dawa yake si kumpa penseli mapema zaidi, bali ni kumpa udongo, mchanga, maji na vitu vingine vya kuchezea ambavyo havinunuliwi dukani. Vitu hivyo vimo karibu katika kila nyumba, ya shamba na ya mjini. Kinachotakiwa ni mzazi kujua maana yake, na kujua pia hatari zake.

MKONO ULIVYOUMBWA

Mkono wa mtu mzima, tangu kifundo mpaka ncha za vidole, una mifupa 27. Katika hiyo, 8 ni mifupa midogo ya kifundo cha mkono. Mtoto mchanga anapozaliwa, mifupa hiyo 8 bado ni gegedu, yaani ni laini kama sikio. Huwa migumu mmoja baada ya mwingine kadiri miaka ipitavyo, na wa mwisho kwa kawaida huanza kuwa mfupa mtoto awapo na umri wa miaka 8 hadi 12. Basi mtoto wa miaka 4 hana mkono wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Ana mkono ambao bado unajengwa.

Jambo la pili ni la kustaajabisha zaidi. Ndani ya vidole vyenyewe hamna misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo imo katika kiganja na katika sehemu ya mkono iliyo baina ya kiwiko na kifundo, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu, mfano wa mtu avutaye kamba. Mwenye shaka na aushike mkono wake chini kidogo ya kiwiko, kisha avichezeshe vidole. Ataisikia misuli ikienda chini ya ngozi. Kwa sababu hiyo, mtoto apandaye mti, abebaye kibuyu cha maji, atambaaye au asukumaye gurudumu hapotezi wakati. Nguvu za vidole huanza begani na mkononi, ndipo zishuke.

Jambo la tatu lahusu ubongo. Mwaka wa 1937 Dakta Wilder Penfield na mwenzake Edwin Boldrey, waliofanya kazi Montreal katika nchi ya Kanada, walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya walipokuwa wakiwapasua wagonjwa wa kifafa. Waligusa sehemu mbalimbali za ubongo kwa nguvu kidogo za umeme, wagonjwa wakiwa macho, wakaona ni kiungo gani kilichosogea au kilichopata hisi. Ilidhihirika kwamba mkono na uso vina sehemu kubwa mno ya ubongo, kupita mgongo au paja, ingawa viungo hivyo ni vikubwa kwa umbo. Hivyo mtoto apapasapo, abanapo na afinyangapo, si vidole peke yake vifanyavyo kazi. Ubongo nao hupokea habari kwa mlango wa kugusa, nao hujifunza kuviamuru vidole.

MIAKA NA HATUA ZAKE

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Huyu hutangulia, na yule hufuata. Hata hivyo, ziko hatua ambazo watoto wengi huzipitia. Mtoto mchanga hufumba mkono wake juu ya kitu chochote kigusacho kiganja chake, bila ya kukusudia. Apatapo miezi 4 au 5 huanza kushika kwa kutaka mwenyewe. Karibu na miezi 6 huweza kuhamisha kitu toka mkono mmoja hadi wa pili. Kati ya miezi 9 na mwaka 1 hupata uwezo ule mkubwa, wa kuokota chembe kwa kidole gumba na kidole cha shahada.

Kufikia mwaka 1 na nusu huchora ovyo kwa makaa au kwa kijiti. Afikapo miaka 2 huweza kupanga vipande kama 6 vya mbao, kimoja juu ya kingine. Wa miaka 3 aweza kuiga mviringo akiuona. Wa miaka 4 huiga alama ya msalaba. Na umbo la pembetatu huja karibu na miaka 5. Herufi nyingi zina mistari ya kukingama na ya mshazari, na kwa sababu hiyo mtoto ambaye bado hawezi kuiga msalaba hataweza kuandika herufi K hata akilazimishwa asubuhi mpaka jioni.

MAMBO YALIYOJULIKANA ZAMANI

Maarifa haya si mageni. Katika nchi ya Ujerumani, Friedrich Froebel alifungua shule ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka wa 1837, ambamo vitu vya kufundishia vilikuwa mipira, vipande vya mbao na kazi za mikono. Tarehe 6 Januari, 1907, daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Rome. Aliwapa watoto kazi za kumimina, kufunga vifungo na kupapasa herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa. Vidole vilizoea umbo la herufi kwanza, na kuandika kukafuata baadaye.

Wala hapana haja ya kwenda mbali hata Ulaya ili kuyaona hayo. Wanawake wa Kikuyu na wa Kikamba wanaosuka vyondo, wafinyanzi wanawake wa Nyanza, wasusi wa ukili wa Pwani, wanawake wa Kimasai watungao ushanga, na wachongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka katika Kisii, hawakupewa ustadi wao siku moja. Wengi wao walianza walipokuwa wadogo, wakikaa kando ya mama, nyanya au baba, wakichezea mabaki ya kazi. Na kila mtu aliyekulia kijijini amewaona wavulana wachungaji wakifinyanga ng'ombe wa udongo na kuwatia pembe. Ule ulikuwa mchezo. Lakini vidole vilikuwa vikisoma.

Siku hizi watoto wengi wa mjini hukaa katika chumba kimoja, pasipo uwanja, na wengine hutulizwa kwa kupewa simu ya mkononi waitazame. Kioo cha simu hutaka kidole kimoja tu kikigusegusa. Hakina uzito, hakina ubichi wala ukavu, na hakibonyei. Basi yawapasa wazazi kuyarudisha nyumbani, kwa kusudi, mambo ambayo zamani yalikuja yenyewe.

MCHEZO WA UDONGO

Udongo wa mfinyanzi hupatikana kandokando ya mito na mabonde, na mahali pengine katika kichuguu. Uchimbwe chini kidogo ya uso wa ardhi, mbali na choo, na njia ya mifugo, na shamba lililonyunyizwa dawa. Kwanza uanikwe, kisha upondwe na kuchekechwa ili mawe, miiba na vipande vya chupa vitoke. Halafu utiwe maji kidogo kidogo na kukandwa mpaka usishike tena mikononi. Ukifunikwa kwa gunia bichi mahali penye kivuli, hukaa siku nyingi bila kukauka.

Mtoto wa miaka 2 aachwe aubonyeze, aupige na kuumega apendavyo. Wa miaka 3 aweza kufundishwa kuviringisha mpira baina ya viganja viwili, na kutengeneza nyoka kwa kuusukuma udongo juu ya ubao. Wa miaka 4 aweza kutoboa mpira kwa kidole gumba na kuufinya ukingo wake pande zote, hata ukawa chungu kidogo. Wa miaka 5 aweza kutengeneza vidonge vidogo kama punje za kunde kwa ncha za vidole 3, na hivyo vidole 3 ndivyo vitakavyoshika penseli. Vyombo alivyovifanya vianikwe kivulini, na vioneshwe kwa baba arudipo jioni. Mtoto aliyesifiwa kesho hurudia kazi yake.

Mjini, ambako udongo mwema ni shida, gazeti la zamani laweza kutumika. Lichanwe vipande vidogo, na mtoto mwenyewe aweza kuchana. Kisha lilowekwe maji usiku kucha, litwangwe, likamuliwe na kutiwa uji kidogo. Donge hilo hufinyangwa kama udongo, na likikauka huwa gumu.

Watu wengine hutumia donge la unga wa ngano: vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi, kijiko cha mafuta, na maji yapata kikombe 1 yaliyotiwa pole pole. Donge hilo ni jema kwa mkono, lakini lina mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, chumvi yake ni nyingi sana, na mtoto akila sehemu kubwa aweza kudhurika. Basi halifai kwa mtoto ambaye bado hutia kila kitu kinywani. Pili, unga ni chakula. Nyumba ambayo unga wake ni haba haikosi kitu kwa kutumia udongo. Na siku mama akandapo mikate au chapati, kidonge kidogo apewacho mtoto akifinyange na kukichoma pamoja na nyingine ni mchezo mzuri kuliko wote, kwani mwishowe huliwa.

SINIA YA MCHANGA

Chukua sinia, ungo uliozibwa kwa kitambaa, au kifuniko cha sanduku. Tia mchanga laini uliochekechwa, ukaoshwa na kukaushwa, kiasi cha kimo cha upana wa kidole. Mtoto huchora ndani yake kwa kidole cha shahada: kwanza mistari ya juu na chini, kisha mawimbi, kisha miviringo, na mwisho herufi ya kwanza ya jina lake. Sinia ikitikiswa kidogo, yote hufutika.

Hapo ndipo penye uzuri wa mchanga: kosa halibaki. Karatasi huhifadhi makosa ya mtoto na kumwonesha kila mara, lakini mchanga huyasamehe. Tena mchanga hukwaruza kidole, na kidole kilichokwaruzwa hukumbuka njia kilikopita. Mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell, aliyekuwa msimamizi wa shule ya mayatima huko Madras katika Bara Hindi, aliwaona watoto wa nchi ile wakiandika herufi mchangani kwa vidole. Alipendezwa nayo, akaitia njia hiyo katika shule yake, na baadaye ikaenea katika shule nyingi za Uingereza.

MCHEZO WA MAJI

Beseni moja, vikombe 2, kijiko na kitambaa chakavu vyatosha. Mtoto humimina maji toka kikombe hiki hadi kile bila ya kumwaga. Hiyo humfundisha kuugeuza mkono taratibu na kuufuata kwa macho. Kisha hulowesha kitambaa na kukikamua juu ya kikombe mpaka kijae. Kukamua hutumia mikono yote miwili, kila mmoja ukienda upande wake, nako hutia nguvu kifundo na kiganja. Mtoto wa miaka 4 aweza kufua soksi yake mwenyewe au nguo ya mwanasesere, na kuianika kwa vibanio. Kukibana na kukifungua kibanio cha nguo kwa kidole gumba na cha shahada ni kazi ngumu kwa mtoto, na ni bora sana.

Mahali ambapo maji huchotwa mbali, mchezo huo hauna haja ya kupoteza hata tone. Maji yayo hayo humwagiwa mboga au hutumika kuosha sakafu.

KUTENGA NAFAKA

Jioni, kabla ya githeri kutiwa chunguni, mama aweza kumpa mtoto wa miaka 3 au zaidi bakuli lenye mahindi na maharagwe yaliyochanganyika, na vyombo 2 vitupu. Mtoto huokota punje moja moja na kuitia mahali pake. Akizoea, hupewa maharagwe ya rangi mbalimbali ayatenge kwa rangi, au ayahesabu kumi kumi. Hapana kinachopotea, kwani nafaka huoshwa na kupikwa. Vivyo hivyo kupukuchua gunzi la mahindi makavu, kumenya njugu na kuchambua mchele: kazi hizi ambazo mama huziona kuwa za kuchosha ni shule ya vidole, ikiwa mtoto hupewa sehemu ndogo wala hashurutishwi.

KUTUNGA NA KUSUKA

Kikonyo cha jani la mpapai ni kitupu ndani. Kiachwe kwanza kikauke, kwani utomvu wake mbichi huwasha ngozi. Kisha mtu mzima akikate vipande vya urefu wa sentimeta 3, navyo huwa shanga kubwa zisizomezeka kwa urahisi. Kamba ya kiatu cha zamani yafaa kwa kutungia. Ama uzi wa kawaida utiwe ncha katika nta ya mshumaa ili usimame. Mkono mmoja hushika shanga na wa pili huingiza kamba. Hivyo mikono hujifunza kusaidiana, kama itakavyosaidiana baadaye, mmoja ukiandika na wa pili ukishikilia karatasi.

Mtoto wa miaka 5 aweza kuanza kusuka nyuzi 3 za mkonge au za maganda makavu ya mgomba. Na baba aliye na kisu na kipande cha mti aweza kumchongea pia. Kuizungusha pia kwa vidole viwili hadi isimame yenyewe ni furaha kubwa, na ni mazoezi ambayo mtoto hatachoka kuyarudia.

KIFUKO CHA FUMBO

Mchezo huu hupendwa hata na watoto wakubwa. Soksi safi au mfuko wa nguo hutiwa vitu 5 au 6 ambavyo mtoto avijua: kijiko, limau, gunzi, kipande cha pamba, jiwe laini na kipande cha gome la mti. Mtoto hutia mkono asitazame, hupapasa, kisha husema alichokishika kabla ya kukitoa. Hapo mzazi amwulize, "Ni kizito au ni chepesi? Ni baridi? Chakwaruza au ni laini?" Yafaa mazungumzo hayo yawe kwa lugha ambayo mtoto aifahamu nyumbani. Mlango wa kugusa na mlango wa kusema hufunguka pamoja, na mtoto hupata maneno mengi mapya.

HATARI ZA KUANGALIWA

Kila mchezo ulioelezwa hapa hudai mtu mzima aliye karibu na aonaye. Hatari ya kwanza ni kupaliwa. Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe kabisa maharagwe, njugu, vifungo, ushanga au vizibo vya chupa, kwa kuwa huvitia kinywani, na koo lake ni jembamba. Hata wa miaka 4 aweza kutia haragwe puani au sikioni, na haragwe likipata unyevu huvimba. Likiingia humo, wazazi wasilichokoe kwa kijiti. Mtoto apelekwe hospitali.

Mtoto akipaliwa naye bado anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mtu mmoja aite msaada mara moja. Mtoto aliyepita mwaka 1 ainamishwe, apigwe kwa kiganja mgongoni baina ya mabega mara 5. Kitu kisipotoka, mtu amsimamie nyuma, amkumbatie na kumbonyeza tumbo juu ya kitovu, kwa ndani na kwa juu, mara 5, na kurudia. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hubonyezwa kifuani, si tumboni: alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, apigwe mgongoni mara 5; kisha ageuzwe na kubonyezwa kwa vidole 2 katikati ya kifua mara 5. Kidole kisitiwe kooni kutafuta kisichoonekana, maana chaweza kukisukuma ndani zaidi.

Hatari ya pili ni maji. Mtoto mdogo aweza kuzama katika beseni lenye maji ya kina cha sentimeta chache tu, naye huzama kimya. Mama akiitwa mlangoni, na amchukue mtoto pamoja naye. Na mchezo ukiisha, maji yamwagwe.

Hatari ya tatu ni mbegu zenye sumu. Mbegu za kupanda ziuzwazo madukani aghalabu zimetiwa dawa na rangi. Ni za shamba tu. Mbegu za mbarika, na zile nzuri nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, hupendeza macho, lakini zikitafunwa zaweza kuua. Wala mahindi yaliyoota ukungu, ambayo hayafai tena kuliwa, yasidhaniwe kuwa yafaa kuchezewa na watoto, kwani mikono yao huenda kinywani. Mwaka wa 2004 sumu ya ukungu wa mahindi iliwaua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake, miongoni mwa wagonjwa 317 waliojulikana. Kadhalika makopo na chupa zilizowahi kutiwa dawa za mimea au mafuta ya taa hazisafishiki vya kutosha kwa mchezo, na betri ndogo za duara zitumiwazo katika saa na vitu vya kuchezea zikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache.

Mwisho, mchanga na udongo hupendwa pia na mbwa, paka na kuku. Mchanga ufunikwe usiku, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mchezo uishapo, hasa kabla ya kula.

WAJIBU WA MZAZI

Robo saa kwa siku yatosha. Mtoto mdogo hachezi mchezo mmoja kwa muda mrefu, na asilazimishwe kuumaliza. Mzazi na aoneshe mara moja, pole pole, kisha arudishe mikono yake nyuma. Mtoto ahangaikaye kufunga kifungo chake hahitaji kufungiwa, ahitaji kungojwa. Jambo hilo ni gumu asubuhi wakati wa haraka, lakini siku za mapumziko lawezekana.

Mtoto atumiaye mkono wa kushoto asikemewe wala kufungwa mkono. Yapata mtu 1 katika kila 10 ameumbwa hivyo, na kumgeuza kwa nguvu humchelewesha bila faida. Mkono upendwao kwa kawaida hudhihirika kati ya miaka 2 na 4. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, naye hutumia mkono mmoja tu na kuuacha wa pili ukining'inia au umefumbwa daima, yafaa aoneshwe kwa mganga wa kliniki, kwani huenda upande mmoja una udhaifu. Vivyo hivyo mtoto ambaye apita miezi 6 naye hajaribu kushika kitu, au ambaye alikuwa akishika kisha akaacha. Shida ionekanayo mapema husaidiwa kwa wepesi zaidi.

Kwa walimu nao liko neno. Mtoto wa darasa la chekechea ambaye mwandiko wake haupendezi asipewe kurasa zaidi za kunakili kama adhabu. Apewe udongo, kibanio na kamba ya kutungia kwa majuma kadhaa, ndipo arudishiwe penseli iliyo fupi. Kwa kuwa penseli fupi haishikiki kwa ngumi, na vidole hulazimika kukutana.

"Samaki mkunje angali mbichi," ndivyo isemwavyo. Lakini mvuvi ajuaye kazi yake humkunja pole pole, asije akamvunja. Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja yaweza kumpeleka mtoto shuleni akiwa na vidole vilivyokwisha kujifunza kufinya, kumimina, kutenga na kutunga. Siku atakapopewa penseli, hatakuwa mgeni wa kazi ya mkono. Atakuwa amebadilisha chombo tu.